Propela Ndani ya Shati la Drafti

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulinichapa mpaka ikaingia kwenye damu, na hata leo, nikiwa na hasira za kutoboa karatasi kwa kalamu, mkono wangu umekataa kukuandikia chochote kabla ya salamu. Kwa hiyo ipokee. Yanayofuata huenda yasikupendeze.

Baba Mdogo alifika hapa Mogitu Jumamosi, ametoka kwake Tlawi na kupitia Dongobesh, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa na kitu amekifunga ndani ya shati lako la drafti, lile la bluu. Alitueleza kwamba umerudi kutoka machimboni, kwamba umezeeka, unalala kwenye chumba chake cha nyuma, na sasa unataka kurudi nyumbani, yaani hapa, kwenye nyumba uliyoiacha mimi nikiwa bado shule ya msingi. Mama alimsikiliza huku akichambua maharage. Mgeni alipomaliza, Mama alisema, "Mwulize Paskalina. Yeye ndiye alikuwa anajenga naye." Kisha akaendelea na maharage yake.

Nikalifungua shati. Ndani kulikuwa na propela.

Tangu siku hiyo sina raha. Katekista amekuja kunishauri. Shangazi amepiga simu kutoka Mbulu. Hata mama anayeniuzia nyanya aliacha kupanga mafungu yake ili aniambie kwamba baba ni baba. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Baba Mdogo ataibeba bila bahasha, na anayetaka kuisoma njiani aisome, kwa sababu kila mtu ameshasema lake juu yako isipokuwa mimi.

Nianze na mazuri, maana yapo na siwezi kuyakana.

Ulipenda kutusimulia jinsi ulivyokuwa kijana wa kufyeka majani kwenye uwanja wa ndege wa hospitali ya misheni. Ndege ndogo ikitua, rubani akienda kula, wewe ulibaki nayo peke yako. Hukuwa na futi. Ulitanua mikono ukapima mabawa kwa pima, ncha mpaka ncha, ukapima mkia, ukapima pua, na wenzako wakadhani umeanza kuikumbatia ndege ya watu. Ulipofika nyumbani uligeuza kila pima kuwa shubiri. Pima moja ya ndege ya kweli, shubiri moja ya ndege yako. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chako chote, Baba, hukuwahi kuwa na kingine, na ndege zako zilifanana na ile ya misheni hata padri alipopita kwenye banda lako la useremala alisimama akasahau alikokuwa anakwenda.

Ukanifundisha mimi, mtoto wa kike, majirani wakisema unaniharibu. Ulinifundisha kuchagua mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza juu mmea ukitoa maua na kuanza kufa, mwepesi kuliko mbao yoyote ya dukani, na usikatwe wakati wa mvua kwa sababu unakunywa maji na ndege inakuwa gogo. Ulinifundisha kumwomba mzee wa duka la viatu pale Katesh zile karatasi laini zinazojazwa ndani ya viatu vipya. Tulizibandika kwenye mabawa kwa gundi ya unga wa ngano, tukazinyunyizia maji, na zilipokauka zilikaza mpaka ukizigonga kwa kidole zinalia. Ulinifundisha kuchana tyubu ya baiskeli iwe nyuzi, kuzifunga kutoka puani mpaka mkiani ndani ya tumbo la ndege, kuzungusha propela mpaka mpira wote ujikunje mafundo, kisha kuiachia. Mara ya kwanza nilipoiachia mwenyewe, kule chini kwenye ukingo mkavu wa ziwa Balangida, asubuhi kabla upepo haujaamka, ilipanda ikakaa hewani, na wewe ukakimbia chini yake bila viatu, mikono juu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyokupenda asubuhi ile.

Basi, mazuri yameisha.

Watu wanaosema ufundi huu unafundisha subira hawajakuona wewe. Ulikuwa na subira ya kukaa tangu misa inapoisha mpaka jua linapozama ukilainisha ubavu mmoja wa bawa kwa msasa, halafu ubavu ukivunjika unachukua shoka. Ndege zako nyingi hazikuuawa na upepo. Uliziua wewe. Ile nyekundu, mpira ulipokatika ukiusokota ukakuchana mdomo, uliitia shoka mbele yetu huku damu ikikudondoka kidevuni, ukakata, ukakata, mpaka vikabaki vijiti, na Mama akavipikia ugali kwa sababu kuni zilikuwa zimelowa. Ile iliyofuata iligonga zizi la jirani, ukaikanyaga kwa buti mabawa yote mawili kabla hatujajua kama ilikuwa imeumia hata kidogo. Tulikuwa tunajifunza kusoma mabega yako. Yakipanda, tunahamisha kila kinachovunjika, na sisi wenyewe tunajihamisha.

Na kofi la pua, unalikumbuka? Nilikuwa darasa la nne. Ulikwenda kufunga mlango kwa mteja, ukaniachia kazi ya kupima pua ya ndege, kutoka bawa mpaka propela, shubiri moja na vidole viwili. Nikapima, nikakata, nikabandika, nikajiona fundi. Kwamba shubiri ina mwenyewe, hilo halikunijia kichwani. Pua ikawa fupi, uzito ukabaki mkiani, na tulipoiachia ndege iliinua kichwa kama ng'ombe anayekataa kamba, ikasimama wima hewani, ikaanguka kinyumenyume na kupasuka. Ulinipiga kofi nikaona giza. Kisha ukauchukua mkono wangu, ukaulaza juu ya wako, ukaona kilichotokea, ukaanza kucheka. Sikio langu lilikuwa bado linavuma na wewe unacheka mpaka machozi. Ukakata kijiti cha mti mgumu, urefu sawasawa na shubiri yako, ukakilainisha vizuri, ukanipa.

"Huu ndio mkono wangu," ulisema. "Usipime tena kwa wako."

Nilikipokea kama zawadi. Mtoto ni kiumbe wa ajabu.

Kisha ule mnada wa Katesh. Ulibeba ndege kwenda kumwonyesha mzee wa viatu, na kijana mmoja aliyekuwa anauza kamba akauliza bei yake, akasema anataka kumnunulia mtoto wake wa kunyonya achezee, akaligonga bawa kwa ukucha. Ulinikabidhi ndege. Uliichukua benchi ya muuza chai, chai ikiwa bado juu yake, ukamvunjia mgongoni. Alipoanguka ulimfuata chini. Watu waliingia kukutoa, ukawapiga na wao, mmoja meno yake nikayaona mavumbini, na mimi nimesimama katikati ya ule msukosuko nimeinua ndege juu ya kichwa kwa mikono miwili, nasukumwa huku na huku, nalia bila sauti ili nisitetemeke. Walipokuachia ulikuja kwangu ukiwa na shavu limechanika. Uliikagua ndege kwanza. Ulipoona ni nzima ukaniambia, "Umefanya vizuri. Hukuiangusha." Goti langu lilikuwa limechunika mpaka nyama inaonekana. Nilitembea mpaka nyumbani nikijivuna.

Ndiyo maana nimechukua muda kuandika haya. Ningeweza kukuita mnyama nikamaliza, lakini mnyama hanifundishi kuzungusha mpira.

Sasa tufike kwenye ile nyeupe.

Ile nyeupe yenye mstari wa bluu ndiyo ilikuwa ndege yako kuliko zote. Tuliianza wakati wa kuvuna, tukavuna tena bado tunaijenga. Ilikuwa na viti ndani, Baba. Ilikuwa na mlango wa mizigo unaofunguka kwa bawaba ulizokata kwenye kopo la maziwa. Mbavu zote za bawa la kushoto nililainisha mimi, na uliponiambia sikuziharibu nilikaa siku nzima bila njaa. Emanueli alizaliwa wakati tunabandika karatasi. Mvua zilikuwa zimeanza na banda lilikuwa linavuja, kwa hiyo ulilileta bawa la kushoto ndani ya nyumba, ukalilaza kitandani likauke, ukalifunika shuka jeupe vumbi lisiingie. Hukumwambia mtu.

Mama alitoka kufunga ndama, amelowa, Emanueli mkononi analilia ziwa. Ndani kulikuwa na kiza cha mvua. Alikaa kitandani amnyonyeshe.

Mlio ule niliusikia kutoka mlangoni, nikiwa na kopo la gundi. Wewe uliusikia kutoka bandani, kwenye mvua yote ile. Uliingia na ubao wa mninga mkononi, ule tuliokuwa tunabania mbavu za mabawa. Pigo la kwanza lilikwenda begani. La pili Mama alilikinga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na mtoto, na mkono ulivunjika kwa sauti ileile ya bawa, ila nzito zaidi. Ukaendelea. Ulimpiga mgongoni akiwa amejikunja juu ya Emanueli, ukampiga miguuni, ubao ukaacha alama zenye tundu za misumari yetu. Mama hakupiga kelele. Alikuwa anasema tu, "Mtoto, mtoto, mtoto." Mimi nilipiga kelele, na ulinigeukia na ubao umeinuliwa, nikaona kwamba hukuwa unanijua.

Kisha ukalitoa bawa chini yake, ukalibeba taratibu, ukaenda nalo bandani. Na hapa ndipo roho yangu ilipokauka, Baba. Bibi, mama yake Mama, alikuwa ameshakuja mbio kutoka nyumba ya pili, anamfunga Mama mkono kwa vijiti na kanga, Mama anauma kitambaa, na kutoka bandani tunasikia msasa. Ulikuwa unalitengeneza bawa. Shaa, shaa, shaa, kwa utulivu, kwa ile subira yako ya Jumapili.

Wewe ni Mwiraqw wa Tlawi, uliyekuja kuoa huku kwa Wabarabaig, na nadhani uliichukulia sheria ya wanawake wao kama hadithi za kuchangamsha pombe. Mwanamke mwenye mtoto mchanga haguswi. Ukimgusa, hushtakiwi na yeye wala na ndugu zake. Unashtakiwa na wanawake wote. Walikuja asubuhi iliyofuata wakiimba, na fimbo zao ndefu nyembamba ambazo mwanamke hupewa akiolewa, wakakaa mbele ya nyumba wakaijaza njia. Waume zao walikuwa majumbani, kimya, hakuna hata mmoja aliyekuja kukutetea, kwa sababu hiyo si kesi ya wanaume na anayeingia katikati laana inamfuata na yeye. Ulitoka bandani na msasa mkononi.

Bibi ndiye aliyekuwa msemaji wao. Walikueleza kosa lako, wakamleta Mama mbele akiwa na mkono kifuani umevimba, wakakutajia faini, ng'ombe dume mweusi. Tulikuwa naye, mmoja, yule wa kulimia. Ulisema, "Mchukueni," haraka, kama mtu anayelipia chumvi, na ukageuka kurudi kazini.

Bibi akakuambia usimame. Akasema, kwa Kibarabaig, polepole ili uelewe, "Dume huyu analima shamba la watoto. Akiondoka, watakaolipa ni wao. Wewe kinachokuuma ni nini?"

Macho yako yalikwenda bandani kabla hujayazuia, na wanawake wote wakayafuata.

Walikuamuru uitoe mwenyewe. Ulikataa, na Bibi akainua fimbo kuelekea mlima, akaanza maneno ya laana, na niliuona uso wako unavyobadilika. Uliitoa. Tumbo kwanza, kisha bawa la kulia, kisha lile la kushoto lililokuwa na gundi mbichi. Uliiunganisha yote pale nje, sijui kwa nini, labda ulitaka ife ikiwa nzima. Walipita mmoja mmoja. Kila mwanamke pigo moja. Fimbo zilikuwa zinapiga mluzi. Karatasi ilipasuka, mbavu zikaruka, mlango wa mizigo ukafunguka ukaanguka, viti vikatawanyika kwenye matope. Mbavu nilizolainisha mimi pia zilikuwa mle, na bado nilikuwa nataka wasiache kupiga.

Mwisho Bibi alimpa Mama fimbo. Mama aliishika kwa mkono wa kulia, akaitazama ile takataka, akakutazama wewe.

"Mimi sina ugomvi na ndege," alisema. Akamrudishia Bibi fimbo, akaingia ndani kunyonyesha.

Ndipo ulipolia. Ulipiga magoti kwenye matope ukaanza kuokota vipande huku unalia kwa sauti, kamasi zinakutoka, mwanaume mzima. Sikuwahi kukuona ukilia kwa huzuni, wala sikujua unaweza. Mkono wa Mama ulipovunjika, wewe ulitengeneza bawa. Ndege ilipovunjika ukalia. Nilikuwa mtoto, lakini hesabu hiyo haikuhitaji shule, na nimeibeba mpaka leo. Kesho yake hukuwepo.

Miaka imepita. Banda bado lipo, nilibadilisha bati. Natengeneza milango, vitanda, madirisha, na majeneza pale inapobidi. Watu wananiita Fundi Paskalina na hawashangai tena. Emanueli yuko sekondari, ana miguu mirefu, hana habari na shoka. Mkono wa Mama uliunga vibaya. Unashika, unafua, unakanda, lakini haupandi kupita kifua, na wakati wa baridi ya mlima huu anaulaza karibu na jiko kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Na ndege najenga. Ningependa kukuambia niliacha, ingekuwa barua nzuri zaidi. Najenga kila Jumapili. Nimeangusha nyingi. Moja ilichukuliwa na upepo wa mchana ikatua kwenye kundi la mbuzi wakaila karatasi yote. Nyingine ilinirudia usoni ikanipasua nyusi, na nikiwa na damu machoni nilijikuta nimeshika shoka. Nilikuwa nimeshaliinua. Mama alikuwa amekaa mlangoni akinitazama, akamvuta kuku aliyekuwa karibu naye akamweka nyuma ya miguu yake. Nililiweka shoka chini. Tangu siku hiyo linakaa kwa jirani, nikilihitaji naliazima. Hasira zako ninazo, Baba, usifikiri uliondoka nazo zote.

Kipimo changu kilikuwa kilekile kijiti chako. Kila ndege niliyoijenga ina ukubwa wa mkono wako.

Sasa propela. Jumamosi ileile nilipitisha msumari kwenye tundu lake nikaiacha itulie. Haikulala upande wowote, uzito wake sawasawa pande zote mbili. Niliizungusha, ikasimama popote ilipotaka. Nikaigeuza, nikatafuta kosa kwa kucha, kwa ulimi, kwa tochi ya simu. Mkono unaotetemeka kwa uzee umechonga kitu kama hicho kwa kisu. Ningependa iwe mbaya. Nilikwenda nayo jikoni nikiwa nimeamua kuitia motoni chini ya maharage, na Mama akauliza, "Inafaa?" Nikasema inafaa. Akasema, "Basi ifunge tuone."

Jana baada ya misa tuliteremka Balangida. Mama alikuja. Hakuwahi kuja kabla, siku zote wewe ulipokuwepo na hata baadaye. Nilikuwa na ndege nyeupe, niliijenga upya kwa kumbukumbu, viti ndani, mlango wa mizigo na vyote. Emanueli aliizungusha propela mpaka mpira ukajaa mafundo na mikono yake ikawa inatetemeka kwa nguvu ya kuuzuia. Mama akasema anataka kuirusha yeye. Unajua kwamba kazi ile inataka mikono miwili, mmoja tumboni, mmoja puani, juu ya kichwa. Kwa hiyo mimi nilishika propela, yeye akashika tumbo kwa mkono wa kulia, tukasimama bega kwa bega, na nilipomwambia sasa, akairusha.

Haijawahi kutokea ndege kama ile, Baba. Propela iling'ata hewa mara moja. Ilipanda bila kutikisika, ikageuka yenyewe kuelekea mlimani, ikaendelea kupanda, na hata mpira ulipoisha iliteleza mbali sana, nyeupe kwenye ile chumvi nyeupe ya ziwani mpaka ikatupotea machoni. Emanueli alikimbia kuifuata. Nilikuwa nalia na sijui nilikuwa namlilia nani.

Mama alikuwa ameweka mkono juu ya macho, anaitafuta. Akaniuliza bila kugeuka, "Aliuliza habari za mkono wangu?"

Nikarudia kichwani kila alilolisema Baba Mdogo. Uliuliza kama banda lipo. Uliuliza kama bado najenga, na natumia gundi gani. Uliuliza kama Emanueli ana mikono mikubwa. Uliuliza habari za jiliwa lako, lile la kubania mbao. Ulisema nyumbani kunakuita.

"Hapana, Mama."

"Haya," alisema. Akateremsha mkono, tukaenda kuitafuta ndege.

Tulipofika nyumbani nilimwomba anyooshe kiganja chake cha kushoto juu ya benchi la kazi. Mkono haupandi, lakini vidole vinafunguka vizuri, mpaka mwisho. Nikaweka alama kwenye kidole gumba na kwenye kidole kidogo, nikakata kijiti, nikakilainisha. Ni kifupi kuliko chako. Ndege nitakazojenga kuanzia sasa zitakuwa ndogo kidogo, na propela yako itakuwa kubwa mno kwao.

Ni propela nzuri kuliko zote ulizowahi kuchonga. Nimeifunga tena kwenye shati lako, pamoja na kijiti ulichonipa. Baba Mdogo anakuletea vyote viwili. Mkono wako huo, nimeurudisha.

Usije.

Nakutakia afya huko Tlawi, na blanketi la kutosha, maana baridi ya huko naijua. Asubuhi njema ukiipata, kabla upepo haujaamka, irushe mwenyewe.

Ni mimi mwanao, uliyemkuta hajaiangusha,
Paskalina